Mikono Hailii

Mejit, 22 Januari 1997

Mjomba Bilimon,

Natumaini goti lako halijambo na mhariri hajakufukuza gazetini. Mimi mzima. Nakuandikia kukuambia kwamba naacha. Siachi ualimu, maana huo ndio unaonilisha. Naacha ukocha.

Najua nilikuahidi kuunda timu ya wasichana na kuileta kwenye mashindano ya Majuro wiki ya Sikukuu ya Katiba. Ahadi ile niliitoa nikiwa nimeshiba wali wa dada yako, na uwanja wenyewe sijauona. Sasa nimeuona. Ni kokoto za matumbawe zilizoshindiliwa nyuma ya shule. Ukidunda mpira, unaondoka kwenda unakotaka wenyewe. Ringi tunayo moja, na imeinama kama mtu anayetafuta sindano.

Wamejiandikisha wasichana tisa. Jumatatu wanakuja wanne, Jumatano wawili, Ijumaa tunabaki mimi na mpira tunatazamana. Huyu yuko kwenye mbata na baba yake, yule anamchania nyanya yake majani ya mkadi ya kusukia mikeka. Nikiwapanga mstari niwafundishe pasi, wanapeana mpira kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga aliyelala.

Yupo mmoja, Tomiko, ana miaka kumi na mitano na ni mrefu kuliko mchungaji. Ukimwona unasema, haya, Mungu amenikumbuka. Kisha mpira unakuja, na yeye anaukwepa. Juzi nikamuuliza, "Tomiko, mpira umekukosea nini?" Akanijibu kwa adabu zote, "Haujanikosea kitu, Mwalimu. Ndiyo maana sitaki kuupiga." Mstari mzima ukaanguka kwa kicheko, nami nikaenda nyumbani.

Wewe umefundisha mpira wa kikapu miaka thelathini, na safu yako gazetini umeiandika miaka kumi na tisa. Hukuwahi kuchoka? Usinipe methali. Nataka jibu.

Mpwa wako,
Almitha


Uliga, Majuro, 5 Februari 1997

Mpwa wangu mwenye hasira,

Sijawahi kuchoka hata siku moja. Liandike hilo ukutani. Kalamu yangu haikauki, na mhariri ananipigia magoti nipunguze maneno.

Sasa sikiliza. Kwanza, vunja huo mstari. Mstari ni wa kununulia mchele. Pili, piga marufuku kudunda mpira. Uwanja wenu haudundiki, kwa nini mgombane nao? Anayedunda atoke nje, awaimbie wenzake ubeti wa wimbo wa kanisani. Usiwaambie ni zoezi, waambie ni mchezo. Mtoto hatoi pasi kwa sababu mwalimu amesema pasi. Anaitoa kwa sababu hataki kuimba.

Tatu, usiwangoje. Saa kumi ikifika anza, hata kama ni wewe na mbwa wa jirani. Watu hawaendi kwenye jambo linalowasubiri. Wanalikimbilia linalowapita.

Nne, uniandikie kila ndege inapokuja. Uniandikie yote: nani kaanguka, nani kasema nini, nani kanuna. Usipambe, usifiche. Sababu ninayo, nitakuambia ukija.

Na huyo Tomiko usimguse. Mtu anayeuonea mpira huruma siku moja ataupenda.

Mjomba wako,
Bilimon


Mejit, 19 Februari 1997

Mjomba,

Umeshinda, usijisifu. Siku ya kwanza walikuja watatu. Saa kumi kamili nikaanza kukimbia na mpira peke yangu kama kichaa, na mbwa kweli alikuja. Wina, yule mdogo kuliko wote, akapiga kelele, "Mwalimu, nipe, yule mbwa hana mikono!" Basi tukaanza.

Marufuku ya kudunda imekuwa balaa tamu. Wina alidunda mara nne na akaimba beti nne, na sauti yake ni kama bati linaloburutwa. Siku ya pili watu walipita kusikiliza uimbaji. Siku ya tatu wasichana wakawa wanane, na mpira ukapita mikono kumi na moja bila kugusa chini. Nilihesabu. Mjomba, ulikuwa unakwenda kama habari mbaya, nyumba hadi nyumba. Nilipopuliza filimbi ya kumaliza, hakuna aliyesimama. Nikasahau chungu jikoni, wali ukaungua, na nikaula hivyohivyo nikicheka.

Tomiko ameanza kuudaka. Bado hautupi, anauweka hewani, halafu anautazama kama aliyeachia ndege. Anacheza peku. Wengi wao ni peku, lakini yeye hata angetaka asingeweza, kiatu cha kumtosha hakijapata kushuka kisiwa hiki. Ile si miguu, ni makasia mawili. Akikimbia kokoto zinaomba msamaha. Nyanya yake, Bibi Neimon, ndiye msusi mikeka bora hapa, na hajui bado kwamba nampanga katikati. Anadhani mjukuu wake anakuja kushika vitabu vya mahudhurio.

Kwa nini unataka niandike yote?

Almitha


Uliga, 5 Machi 1997

Mpwa wangu,

Kwa sababu nimesema. Mwalimu hahojiwi na mwanafunzi.

Barua yako nimeisoma mara tano. Endelea hivyohivyo, usianze kuandika kama mtu anayejua anasomwa. Watu hapa mjini wananisimamisha barabarani kuuliza habari za Mejit. Jana mwanamke mmoja aliacha samaki wake kwenye moto kuja kuniuliza kama yule mdogo bado anaimba.

Mfundishe Tomiko kutupa kwa kumwambia alenge juu ya ringi, si ndani yake.

Nina haraka, ndege inaondoka.

Bilimon


Mejit, 19 Machi 1997

Bwana Bilimon Jorbon,

Jumatano iliyopita ndege ilileta sanduku. Juu limeandikwa: "Kwa msichana wa makasia, Mejit." Unajua huku sanduku likishuka hufunguliwa hapohapo mbele ya watu. Ndani kulikuwa na jozi ya viatu vya kiume, vikubwa, vipya, na kipande cha gazeti, na kijikaratasi cha mwenye duka mmoja wa huko: "Tumecheka sana, Mungu ambariki, asicheze tena peku."

Hertina, mke wa mchungaji, alianza kusoma lile gazeti kwa sauti kabla hajajua anasoma nini. "Barua kutoka Mejit." Ringi iliyoinama. Bati linaloburutwa. Makasia. Hukuweka jina hata moja, na hukuhitaji. Kisiwa hiki tuko watu mia tatu, na msichana wa kimo kile ni mmoja.

Tomiko ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha akamwona nyanya yake.

Bibi Neimon aliuliza, "Nani amesema mjukuu wangu anaomba viatu?"

Watu wakatazama sanduku.

"Na nani amempima miguu?"

Nami nikalitazama, kwa sababu ni mimi.

Alivirudisha viatu ndani ya sanduku, akalibeba mwenyewe hadi kwa rubani, akasema, "Rudisha. Hapa hakuna ombaomba." Kisha akamshika Tomiko mkono. Mama yake Wina naye akamchukua Wina. Kufikia Ijumaa tumebaki watatu.

Maneno yale nilikuandikia wewe. Nilikuwa nimekaa jikoni, nacheka peke yangu, nawapenda watoto wale. Umeyachukua ukayatandaza barabarani, kila mtu apite juu yake. Nimekwenda kwa Bibi Neimon mara mbili. Mara zote mbili alinitazama kama mvua iliyokuja siku ya kuanika.

Ulisema utaniambia sababu nikija. Sitakuja. Niambie sasa.

Almitha


Uliga, 26 Machi 1997

Almitha,

Haya, sababu ndiyo hii.

Nilikudanganya niliposema sijawahi kuchoka. Miaka miwili sasa nimekuwa nikichukua safu ya mwaka uliopita, nabadilisha majina ya wachezaji na idadi ya pointi, napeleka. Hakuna aliyegundua, na hilo ndilo lililonimaliza. Timu niliiacha kabla ya Krismasi ya mwaka juzi. Nilisema ni goti. Goti lilikuwa bovu hata nilipokuwa na miaka arobaini.

Barua yako ya kwanza ilinikuta mezani gazetini, saa tano asubuhi, karatasi nyeupe mbele yangu na mhariri mlangoni. Nilicheka mpaka akaingia kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Akasema, "Hiyo ndiyo safu." Ningeweza kusema hapana. Nikasema ndiyo, na siku ile nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Ya pili ikafuata. Nilianza tena kwenda viwanjani jioni, kutazama watoto wanavyoanguka, nikiwa na daftari. Nilikuwa na furaha, mpwa wangu. Sijitetei, nakueleza tu. Furaha yenyewe niliiiba kwako, nikailipa kwa aibu ya mtoto wa watu.

Meli ya mbata inaondoka Jumanne. Nimeshapanga. Usinijibu, maana barua yako na mimi tutapishana baharini. Usimwambie Bibi Neimon kwamba nakuja. Akijua mapema ataandaa maneno, na nadhani hata yasiyoandaliwa yatanitosha.

Bilimon


Mejit, 16 Aprili 1997

Bilimon Jorbon,

Almitha anaandika, mimi Neimon nasema. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu.

Umeondoka jana, na mambo tuliyopatana nataka yawe kwenye karatasi, kwa sababu wewe ni mtu wa karatasi.

Uliruka kutoka mashuani ukaangukia uso kwenye wimbi, na begi lako likalowa lote. Hilo lilikusaidia. Mtu mkavu ningemrudisha melini. Ulikaa mkekani kwangu siku mbili ukisubiri niseme. Hukujieleza. Ulikula ulichopewa. Siku ya tatu nikasema, na nilisema mchana kutwa, na majirani wakaja kusikiliza, nawe hukuinua uso. Vizuri.

Mapatano ni haya. Mwenye duka atapewa mkeka. Nimekukabidhi, usiukunje vibaya, ni kazi ya miezi minne. Yeye atatoa viatu. Kitu kilichokuja kwa huruma hakiingii nyumbani kwangu. Kilichokuja kwa mkeka ni changu. Tomiko atacheza.

La pili. Neno lolote la Mejit linalokwenda gazetini, nalisikia mimi kwanza. Nikisema ndiyo, liende. Nikisema hapana, lilale. Uliniapia mbele ya mchungaji.

La tatu silo la mapatano. Jioni ile ulipokwenda uwanjani na goti lako, ukawa unarukaruka na watoto na kuimba kila ulipodunda, nilidhani akili imekuruka. Nikaja karibu. Mjukuu wangu alikuwa anacheka na meno yote. Sikuwa nimeyaona meno yale tangu mama yake aondoke. Kwa hiyo usidhani nimekusamehe kwa sababu ulilowa.

Neimon

Mjomba, ameniambia nisiongeze kitu. Naongeza: jana walikuja kumi na wawili. Kuhusu mimi na wewe, tutaongea Majuro. Nimepunguza hasira, sijaimaliza. A.


Uliga, Majuro, 7 Mei 1997

Bibi Neimon,

Hertina akusomee polepole. Mashindano yamekwisha. Timu inapumzika kwangu ikisubiri meli, wote wazima, wote wanakula kuliko wanavyocheza. Nimeandika mambo yalivyokuwa, na nataka kuyatoa gazetini Ijumaa hii. Ndege inarudi leo hiihii. Nipe neno lako.

Mchezo wa kwanza tulifungwa na Majuro, thelathini na nane kwa tisa. Ilikuwa sakafu. Watoto hawakuwahi kukanyaga saruji laini. Mpira ukidunda unarudi mkononi, nao wanashtuka kama umewasemesha. Wina alimgeukia Almitha katikati ya mchezo akapiga kelele, "Mwalimu, mpira huu unanifuata!" Watu wakacheka. Almitha hakufoka hata mara moja. Baada ya mchezo aliwakalisha nje, chini ya ukuta, akawaambia, "Sahauni sakafu. Ya kwao. Nyinyi mna mikono." Basi.

Mchezo wa pili walijipata. Wasichana wa kisiwa cha Wotje walikimbilia mpira, na kila walipofika ulikwisha kuondoka. Tukashinda, ishirini na mbili kwa kumi na saba. Jirani yangu kwenye mabenchi aliniuliza, "Hawa hawadundi kabisa?" Nikamwambia, "Wakidunda wanaimba." Hakuelewa.

Wa tatu ulikuwa na Likiep, na atakayeshinda anaingia nusu fainali. Ishirini na nne kwa ishirini na nne, Tomiko anaruka chini ya ringi, anapigwa mkono, filimbi, na muda umekwisha. Mitupo miwili huru. Mmoja tu ukiingia, tumeshinda. Wachezaji wote wanatolewa kando, anabaki peke yake na viatu vyako vyeupe, na watu mia nne wanamtazama.

Wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Akageuza uso kutazama watu, na alipourudisha machozi yalikuwa yanashuka. Wa pili haukufika hata kwenye ringi.

Dakika tano za nyongeza. Almitha alimwendea akamshika mabega. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Nikutoe?"

"Usinitoe."

"Unalia, Tomiko."

"Nalia tu, Mwalimu. Mikono hailii."

Refa akaja. "Ana nini mtoto huyu?"

"Ana mchezo wa kumaliza," Almitha akasema. "Piga filimbi."

Bibi, nimetazama mpira wa kikapu tangu uwanja wa kwanza hapa ulipokuwa mchanga mtupu. Sijapata kuona kitu kama kile. Alilia dakika tano zote, na hakuna mpira uliompita. Analia na kuruka, anaudaka, anautoa. Wina anaupokea, anautoa. Machozi yanamwingia mdomoni, anayatema, anaruka tena. Wale wasichana wa Likiep walianza kumwogopa. Mara tatu aliutupa juu, na mara zote tatu ukaingia bila kugusa chuma. Thelathini kwa ishirini na sita. Filimbi ya mwisho ilipolia, alikaa chini palepale katikati ya uwanja, na wenzake wakamkalia juu.

Usiku, tukila wali, Almitha alimuuliza kwa upole. Akasema kwamba baada ya mtupo wa kwanza alimwona mwanamke mstari wa tatu aliyechomeka kitana nyuma ya nywele, kwa kushoto, kama mama yake. "Nilijua si yeye," akasema. "Nilijua kabisa. Ila macho yalikwisha kumwita."

Nusu fainali tulifungwa na Majuro kwa pointi kumi na moja, na hakuna aliyelia. Wina alitoka anawafundisha wale wa Majuro wimbo.

Haya ndiyo niliyoandika. Miaka kumi na tisa, Bibi, na hii ndiyo safu bora niliyowahi kuandika. Najua mwenyewe. Nasubiri.

Bilimon


Mejit, uwanja wa ndege, 7 Mei

Bilimon,

Hertina anaandika juu ya goti lake. Rubani anatazama saa. Mwache atazame.

Hapana.

Hertina ameisoma mara mbili. Umeandika vizuri. Alipokuwa akisoma nilikuwa kama nipo pale. Nilimwona mtoto wangu, nikasikia chuma kikigongwa. Ndiyo maana nakataa. Ungeandika vibaya ningekuachia.

Mama yake Tomiko yuko Arkansas, anakata kuku kiwandani, mwaka wa nne huu. Gazeti lenu linafika huko, wanapeana mkono kwa mkono mpaka linachanika. Atalisoma saa ya kula, na aproni yake, mbele ya watu. Hatakuwa na ndege ya kumleta jioni ile kwa mwanawe. Atakaa na chozi la mwanawe mkononi, kengele italia, atarudi kwenye kuku. Hukulifikiria hilo. Si kosa lako, wewe huna mtoto wa mbali.

Andika idadi ya pointi. Chozi linabaki huku. Siku mama yake akirudi nitampa mwenyewe.

Karatasi zako sikurudishii. Nina kazi nazo.

Neimon


Uliga, 21 Mei 1997

Almitha mpwa wangu,

Nadhani meli imekufikisheni na mmeshamaliza kutapika.

Hukuniuliza siku ile mlipoondoka, na nakushukuru, kwa sababu nilikuwa bado naungua. Sasa nakuambia. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mhariri na kikaratasi kidogo. Kinasema: Mejit ilicheza michezo minne, ikashinda miwili. Idadi ya pointi. Kocha, Almitha. Basi.

"Iko wapi nyingine?" akauliza.

"Hakuna nyingine."

"Bilimon, nilikuwepo kwenye mchezo wa Likiep. Nimeacha nusu ukurasa kwa ajili yako. Usiniambie umeishiwa tena."

"Sijaishiwa. Nimeandika karatasi sita."

"Zilete!"

"Ziko Mejit. Mwenyewe amekataa."

Akanitazama sana. "Mwenyewe nani? Si wewe uliyeandika?"

Nikaanza kucheka. Alinifukuza ofisini, na ile nusu ukurasa akaijaza tangazo la matairi.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijipapasa kutafuta uchungu. Usiku wa Jumatano ulikuwepo, sikufichi, niligeuka kitandani kama samaki kwenye kikaango. Asubuhi hakuna. Nilikuwa nimeandika kitu kizuri kwa mtu anayejua kusikiliza, naye akakipokea, akakielewa kuliko mimi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilipata msomaji wa namna hiyo.

Sasa nina utaratibu mpya. Jioni nakwenda uwanja wa mtaa wa Rita, kwa watoto wa hapo. Naandika wanavyocheza, kesho yake nawasomea kabla sijapeleka popote. Wananisahihisha vibaya sana. "Babu, sikuanguka, niliteleza." "Babu, ondoa hilo, dada yangu atanipiga." Naondoa. Wiki iliyopita waliniuliza nani anawafundisha. Nikasema hakuna. Mmoja akasema, "Basi wewe unakaa hapo kufanya nini?"

Jumatatu nimenunua filimbi.

Na lile la zamani: nilichapisha maneno yako bila kukuuliza. Nilimwomba radhi Bibi Neimon siku tatu, wewe nikakuomba kwa haraka pale gatini, kelele za winchi zimetuzidi. Nisamehe, mwanangu. Sitarudia.

Bilimon


Mejit, 4 Juni 1997

Mjomba,

Nilikusamehe siku ya mchezo wa Wotje, ulipopanda juu ya benchi likavunjika, ukaanguka nalo. Nilikuacha uteseke kidogo kwa faida yako.

Sikiliza karatasi zako zimefanya nini. Jumapili ya kwanza baada ya sisi kurudi, ibada ilipokwisha, Bibi Neimon alisimama akasema hakuna mtu kutoka. Mchungaji mwenyewe akakaa. Akampa Hertina barua yako na kumwambia, "Soma, na usikimbie." Kanisa zima, Mjomba. Aliposoma habari za sakafu, watu walicheka mpaka watoto wachanga wakaamka. Alipofika kwenye ile mitupo miwili, hata wazee waliojua mwisho wake waliinama mbele. Na alipofika kwenye kitana, Bibi alinyoosha mkono, Hertina akanyamaza, na Bibi akaichukua karatasi ile moja akaikunja akaiweka kifuani. "Hii ni ya nyumbani," akasema. "Endelea na inayofuata."

Tomiko alikuwa ameketi kando yangu. Nilimwangalia kwa pembeni. Alikuwa ametulia, ananyofoa uzi kwenye kikwapa cha gauni. Akaninong'oneza, "Nilitupa mara nne katika ile nyongeza. Moja ilikosa. Hakuiandika." Nimemwambia nitakufikishia malalamiko.

Sasa jambo lililonifanya nichukue kalamu. Jumatatu saa kumi nilianza kama kawaida, wasichana kumi na wanne, mambo yanakwenda. Nikaona mama yake Wina amesimama pembeni, na Hertina, na wengine nyuma yao. Nikadhani kumetokea msiba. Nikapuliza filimbi, nikawaendea.

"Kuna nini?"

Wakasukumana. Mwishowe mama yake Wina akasema, "Na sisi?"

"Nyinyi nini?"

"Na sisi lini?"

Wako kumi na mmoja. Mdogo ana miaka ishirini na sita, Hertina ana hamsini na mbili. Wote wamevaa yale magauni yao mapana ya kufika miguuni, na hawana nia ya kuyavua. Mmoja ana mimba ya miezi saba, anasema yeye atakuwa refa, na tayari amekwisha kumtoa mtu nje. Tumecheza nusu saa. Mpira uliingia ndani ya gauni la Hertina, tukakaa wote chini tunalia kwa kicheko, na hakuna aliyejua kama ni faulo.

Nilirudi nyumbani gizani, mikono imejaa vumbi jeupe la matumbawe. Nikakaa mlangoni bila kunawa.

Kesho wanakuja tena. Watu wazima hawaogopi kuimba, kwa hiyo ile dawa yako haitafanya kazi kwao, na sijui niwape ipi. Nimefikiri siku nzima darasani, nikakosea hesabu ubaoni mara mbili, watoto wakanicheka. Wewe jibu unalo, nakujua, umeshafungua kalamu.

Usiniandikie. Niache nilitafute mwenyewe.

Mpwa wako,
Almitha